Jina la Nkambo kwenye Orodha

Mwezi uliopita nilirudi Kolwezi, nikakuta karatasi zimebandikwa kwenye ukuta wa shule yetu ya zamani, pale kambini kwa wafanyakazi wa mgodi. Juu zimeandikwa kwa Kifaransa: wakazi waliokubali mradi wa nyumba mpya. Chini yake saini. Ya tatu ilikuwa ya nkambo, ndivyo sisi wa huku tunavyomwita bibi. Niliitambua kabla ya kuisoma, herufi kubwa kubwa zimeinama kushoto.

Mwandiko ule niliuona ukizaliwa, ndugu yangu. Nilikuwa msichana wa miaka saba hivi. King'ora cha mgodi cha mchana kikishalia na wanaume kuondoka na buti zao, uani kwa nkambo wanawake walianza kutwanga sombe, majani ya muhogo, kinu kimoja michi mitatu, wala hawakugongana. Mimi nilichambua majani na kufukuza kuku. Samaki wakavu walichemka juu ya makala, yaani makaa, na tumbo langu lilianza kuuliza habari mapema.

Alasiri alikuja mwalimu. Asubuhi alitufundisha sisi darasani, alasiri aliwafundisha akina mama kuandika, bure kabisa. Nkambo aliandika jina lake kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, akafuta, akaandika tena. Siku alipoliandika bila kosa, alimchinjia mwalimu jogoo, nasi tukala supu hadi tukachoka. "Mu kambi, mutu akikosa mu liste, anakosa na bunga," nkambo alituambia. Kweli. Kampuni iligawa unga kwa orodha, na jina likirukwa mlilala njaa. Ndiyo maana watu wetu wakiona kalamu na orodha hupanga mstari kwanza, maswali baadaye.

Sasa wamekuja watu wa mradi. Wanataka kubomoa kambi na kujenga maghorofa, kila mwenye nyumba apewe vyumba viwili huko juu. Msemaji wao ni mwalimu yuleyule, mzee sasa. Nkambo alinisimulia mkutano wote. Vijana wengine waliupenda mradi, kwa sababu ya maji na umeme. Wengi walikataa. Jirani yetu, muuza makala, aliwavunja watu mbavu kwa habari ya ghorofa: "Mu étage, sombe tutatwangia juu ya kichwa ya nani?" Nkambo naye alisimama. "Mi nakatala. Ile nyumba bwana yangu aliniachia, nitatokamo siku batanibeba." Walimpigia makofi.

Mwishoni mwalimu alitoa karatasi zisizo na kichwa. "Mama, andika jina. Ni liste ya présence tu." Waliokataa ndio waliosukumana mbele waandikwe kwamba walihudhuria, wasije wakarukwa. Maneno ya juu yaliandikwa baadaye.

Nilimfuata mwalimu kwake. Hakukana. "Mutoto yangu, bangejenga tu. Mi balinipatia nyumba ya chini, sababu ya magoti yangu." Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Nilimwamini mtu huyu kuliko wajomba zangu. Nilitaka kumtukana, lakini kila neno nililokuwa nalo lilionekana dogo mbele ya mtu aliyenifundisha kusoma. Niliondoka nalia barabarani, mtu mzima na mkoba wangu.

Kambi bado imesimama, lakini nimeanza kuikosa. King'ora kilinyamaza zamani. Sasa hata salamu zimepungua, kila mmoja anamtazama mwenzake akijiuliza nani alijua nini. Uani kwa nkambo hawaji tena kutwanga, kila mtu anatwanga kwake, na mlango amefunga.

Juzi kijana wa mradi alileta taarifa ya kuhama, mwalimu akiwa nyuma yake. Nilimsomea nkambo neno kwa neno. Saini ilitakiwa kuthibitisha tu kwamba ameipokea. Kijana alimnyooshea kalamu kwa adabu.

Nkambo hakumtazama kijana. Alimtazama mwalimu.

"Mi siyui kuandika," alisema.

Mwalimu aliinamisha kichwa. Kijana akafungua daftari lake, akaandika kwamba mama huyu hajui kusoma wala kuandika.