Niliyoliambia Tangi la Choo

Wenzangu mlio ugenini, nichekeni, nimejitakia. Mwezi mzima hapa Matrah nilikuwa sijapata mtu wa kusema naye Kiswahili, na Kiarabu changu ni cha salamu tu. Juzi tajiri mmoja akanichukua kwa majaribio nimtengenezee tangi la choo, lililokuwa likijaa polepole mno. Mkewe akanifungulia mlango kanuna; nikaona haya kuuliza lolote, nikajifungia humo chooni.

Boya lilikuwa zima. Vali ya kuingizia maji nikaifungua, nikaisafisha mchanga, nikairudisha. Maji yakaendelea kuingia tone tone. Upweke ukanizidi, nikaanza kulisemesha tangi.

"Mwenzangu, nawe umeishiwa nguvu? Mie namkumbuka mama. Hapa sina mtu, na bibi mwenye nyumba kanuna kama kameza ndimu."

Nje ya mlango pakakohoa mtu.

"Mwanangu, tangi halina ugonjwa. Koki ya huku nje nimeibana mie maji yasiishe upesi, maana pipa letu la juu lajazwa kwa maji ya punda. Ungeniuliza."

Kiswahili cha Unguja kitupu, kama cha mama! Spana mkononi, machozi yakanitoka.

"Haya, toka," akasema bibi. "Ndimu yenyewe bado nnayo mdomoni."