Jembe Litaangukia Wapi?

Nakumbuka asubuhi moja kule Samuye, mwanangu, betri zetu zimelala juu ya bati zikiota jua kama mijusi, na mimi nimesimama chini nikiziombea zipate nguvu. Dada yangu Nyamizi alikuwa anaolewa Ushirombo. Gari la kumchukua lingefika kabla jua halijasimama utosini, nasi tulikuwa na kazi moja: kumtengenezea muziki wa kuingia nao kwa wakwe.

Baba hakuweza kuwasafirisha wacheza ngoma hadi kule. Mama naye alishasema wazi kwamba binti yake hataingia kwa watu kimya kimya, kama mtu aliyekuja kuomba moto. Basi mimi na rafiki yangu Masanja tukaahidi kwamba ngoma ya kwetu itaingia kwenye kanda, na kanda itasafiri na bibi harusi.

Ninyi leo mnarundika sauti kwenye simu, moja juu ya nyingine, na isiyowapendeza mnaifuta kwa kidole. Sisi tulikuwa na redio kaseti mbili, yetu na ya jirani. Nilipiga ngoma, redio ya kwanza ikarekodi. Kisha hiyo ikacheza, Masanja akapiga gita pembeni yake, chochote kilichomjia kichwani, na redio ya pili ikanasa vyote viwili. Kanda hiyo nayo tukaichezesha, nikatikisa manyanga, redio ya kwanza ikarekodi tena. Sauti ikishaingia haikutoka. Ni kama chumvi kwenye mboga.

Nikwambie raha ile! Mko wawili tu chumbani, lakini redioni mnasikika kundi zima. Masanja aliruka karibu agonge paa. "Sikia, sikia! Huyo ni mimi, na huyo mwingine ni mimi pia!" Akaongeza filimbi. Nikaongeza ngoma ndogo. Akaongeza gita la pili. Kila aliyeona upenyo aliuziba, nasi tukaona huo ndio ufundi.

Ilibaki sauti ya jembe. Kwetu Usukumani watu hulima kwa mstari wakifuata ngoma, na jembe lenyewe likigongwa kwa chuma huwa chombo cha muziki. Kwenye kikundi chetu cha kulima, mgongaji alikuwa shangazi Kabula. Akaja mikono ina unga, jembe lisilo na mpini likining'inia kwenye kamba.

"Mwangaluka, mafundi," akatusalimu, akaketi. Tukawasha redio. Akainua chuma, akakishusha bila kugonga. Akainua tena. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Shangazi, mbona hugongi?" nikamuuliza.

"Nigonge wapi, baba? Mmelima shamba lote mpaka njia ya kupitia."

Masanja akacheka. Shangazi hakucheka.

"We cheka. Kapige ngoma hivyo kwenye mstari wa wakulima, bila kunyamaza, uone kama mtu hatashusha jembe kwenye mguu wa jirani yake. Ngoma husema, ikanyamaza, ndipo jembe likaanguka. Hapa jembe litaangukia wapi?"

"Lakini shangazi, si imejaa vizuri?"

"Gunia nalo hujaa. Umewahi kuona gunia linacheza?"

Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, nasi hatukuweza kutoa hata sauti moja kati ya zile. Jua linapanda, betri zimeanza kulegea, muziki unavuta miguu. Nyamizi, amekwisha kuvaa, akachungulia mlangoni. "Jamani, sasa nitaingia na nini?"

"Utaingia na ngoma ya kwenu," shangazi akamjibu. "Ninyi, futeni hiyo. Anzeni na mimi."

Tukaanza upya, moyo ukinidunda kuliko ngoma. Shangazi akagonga jembe peke yake, bila haraka, akiacha pengo kila baada ya mlio. Nikaingiza ngoma mle alimonyamaza, nami nikaacha pengo langu. Masanja akauliza yeye apige nini. "Subiri usikie panapokuita," akaambiwa. Akasubiri, akasubiri, kisha akagusa nyuzi mara chache tu, na mwili wangu wote ukasisimka! Hajamaliza, gari likafika na kupiga honi, nayo ikaingia kwenye kanda. Shangazi akatupungia mkono tuendelee.

Nilisafiri nimepakata redio. Tulipofika kwa wakwe, bwana harusi akaleta betri mpya, na kwa kuwa tulirekodi kwa betri zilizochoka, muziki ukatoka mbio kuliko tulivyoupiga. Honi ikalia kama mwanambuzi. Nyamizi akaanza kutembea. Wenyeji wakasimama wakitutazama. Jembe likalia, pengo likapita. Likalia tena, likapita. Mara mama mkwe akapiga kigelegele, ndani kabisa ya lile pengo! Pengo lililofuata wanawake wote wakaingia, wazee wakapiga makofi, mtu akakimbilia jembe nyuma ya nyumba. Hawakuijua ngoma yetu, ila walikuta kiti chao kimeshawekwa. Nyamizi akaingia akicheza, na sikuweza tena kutenganisha sauti za kwetu na za kwao.

Basi mwanangu, ukijifungia na simu yako kurundika sauti, anza na ile inayozibeba nyingine, uisikilize kabla hujaongeza. Ukiona pengo, usikimbilie kuliziba; huenda ni la mtu ambaye bado yuko njiani. Na hilo si la muziki peke yake. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, lakini hata mgeni hukaa pale alipoachiwa nafasi. Mungu akupe mikono myepesi na sikio lenye subira, na kila ukinyamaza, usikose wa kukuitikia.