Mise Kwenye Breki

Mama yangu aliishi Kasanda, upande wa Kibondo, na mimi nilikuwa nimeolewa Kasulu. Ilikuwa ile miaka ya tisini, wakimbizi wengi, barabara imechimbwa na malori ya mizigo. Jioni moja muuza vitenge aliyetoka Kibondo alipita kwetu akasema, "Mama yako hali chakula tena. Anakutaja wewe tu. Kama ni kwenda, nenda kesho." Jina la yule mtu nalijua mpaka leo, na la baba yake nalijua, lakini humu siandiki majina.

Basi la Kibondo lilikuwa linapita alfajiri. Hatukulipanda. Tulikuwa na pikapu, mume wangu akibebea maharage, na mwenye gari anasubirije basi? Ndivyo tulivyofikiri.

Kulipokucha akaliwasha, akarudi nyuma kidogo, akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka chini. Gari likaenda kuangusha kichanja changu cha vyombo. Akapampu, akapampu, pedali ikapanda, lakini laini, kama unakanyaga ugali.

"Ni upepo tu umeingia," akasema. "Fundi atautoa."

Fundi wetu wa siku zote alikuwa Mkongo wa kambini aliyekuja mjini kutafuta vibarua vya magari. Hakufungua kitu kwanza. Alikaa kwenye usukani akakanyaga harakaharaka, pedali ikapanda. Halafu akaushikilia mguu palepale, akatulia kama mtu anayesikiliza habari redioni. Pedali ikashuka polepole yenyewe.

"Ikipanda ukipampu, upepo iko ndani," akasema. "Ikishuka ukishikilia, raba ya pampu imekufa. Hii yenu iko na yote mbili."

Akafunua boneti, akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Asubuhi za Kasulu zina baridi, na mle ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya chungwa, kimeganda chembechembe. Akachovya kidole, akanusa. Akanigeukia mimi, si mume wangu.

"Mama, leo mnapika nini?"

Sikumwelewa. Akamtazama mume wangu. "Papa, hii ni gari ao ni sufuria ya sombe?" Sombe kwao ni kisamvu.

Mume wangu akakuna shingo. Alikuwa ametoka Kagerankanda na mzigo siku za nyuma, breki ikalegea, akaona kikopo kimepungua, akaomba mafuta kwenye nyumba ya jirani na barabara.

"Si wewe uliniambia mafuta yakipungua niongeze mafuta?"

"Mafuta ya freni, papa."

"Ulisema mafuta."

Na kweli kwetu ukisema mafuta umesema mise, yaani mawese. Mengine yote lazima uyataje, ya taa, ya kujipaka, ya gari. Mama wa ile nyumba alimletea mise safi, iliyochujwa, mume wangu akaimimina, na ikamfikisha nyumbani salama. Alikuwa amejisifu kwangu kwamba kafundi kapo mwilini mwake.

Fundi akatoa zile raba za pampu. Zilikuwa zimevimba na kulegea kama uyoga uliolala kwenye maji. Akasema mise inakula raba, zinatakiwa mpya. Mume wangu akaenda kwa mwenye duka la spea, mzee mmoja Mwislamu, mtu wa pwani, akapekua maboksi yake yote. Za saizi ile hazikuwapo. "Agizeni Kigoma mjini," akasema. Kigoma mjini ni upande mwingine kabisa, na mama yangu yuko Kasanda.

Basi fundi akaosha zilezile kwa spiriti, akaosha na mipira inayopitisha mafuta, akatia mafuta ya breki yenyewe. Mimi nikawekwa kwenye usukani, maana mume wangu alikuwa anaongeza kwenye kikopo na fundi yuko chini kwenye gurudumu.

"Kanyaga, mama."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Analegeza nati, kitu kinafanya fyuuu, pedali inanikimbia chini ya mguu.

"Usiachie. Ukiachia inakunywa upepo tena. Haya, achia."

Gurudumu moja, la pili, hivyo hivyo. Sikuwahi kuendesha gari maisha yangu. Nilikanyaga kwa mguu wote, nikasema moyoni kwa Kiha chetu, mawe, mama yangu, ningoje.

Jua lilikuwa limepita utosini pedali iliposimama. Fundi akanawa mikono, hakufurahi. "Imesimama kwa sababu imeoshwa. Raba ni ileile. Mngengoja."

"Mama mkwe hangoji raba," mume wangu akasema.

Mpaka Makere tulikwenda vizuri, hata akaanza kupiga mluzi. Baada ya Makere, kwenye mteremko, mluzi ukakatika. Niliona goti lake linapanda na kushuka. Akavuta gia mpaka ya kwanza, injini ikalia, akalipeleka gari kwenye ukuta wa udongo kandoni, likakwaruza likasimama. Nikashuka nikaweka jiwe kwenye tairi.

Tukiwa pale likapanda lori kutoka upande wa Kibondo. Dereva alikuwa mtu wa Kasanda, alitujua, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Poleni. Gari limewasumbua, na mnakwenda msibani."

Mume wangu akauliza, "Msiba gani?"

Yule dereva akainamisha macho kwenye matairi yetu. "Nilidhani mmepata habari. Nimewaacha wanachimba. Wanazika jioni hii."

Akasema kama tunataka kurudi Kasulu ana nafasi. Mume wangu akatikisa kichwa. Dereva akaondoka.

Mume wangu akarudi ndani ya gari, injini imezimwa, akapampu. "Imerudi," akaniambia. "Panda twende, tutawahi hata kutia udongo kaburini." Nikasogea mlangoni, nikatazama chini. Alikuwa ameshikilia, na pedali ilikuwa inashuka.

"Baba watoto, shuka," nikamwambia.

Hakushuka. Alianza kupampu upya.