Zamu Iliyogeuzwa Mara Mbili

Kwetu Kikwe, zamu ya maji ya mfereji hugeuzwa kila mzunguko. Aliyemwagilia wa mwisho anakuwa wa kwanza, na wa juu kabisa anasubiri. Wazee waliweka hivyo kwa sababu maji yakipungua anayekaukiwa ni wa mkiani, na shamba la mama yangu liko mkiani.

Kamati ya mfereji ilipotaka zamu zitumwe kwa simu, kazi ilikuja ofisini kwetu mjini. Mimi niliandika mstari mmoja wa programu unaogeuza orodha, jina la mwisho lije mwanzo. Mwenzangu aliyeshughulikia ujumbe naye akaigeuza, eti kwenye simu ujumbe mpya hukaa juu, watu wasije wakasoma kinyume. Hakuniuliza. Chapati ukiigeuza mara mbili, upande uliokuwa chini unarudi chini. Mzunguko wa pili ukaanzia juu tena, kama wa kwanza.

Mama akaenda kwa mwenyekiti wa mfereji, ambaye shamba lake ndilo la juu kabisa. Yule baba amekulia kwenye zamu hizo, anazijua kuliko mimi. Akamwonyesha mama simu.

"Sasa mama, mimi nifanyeje? Kompyuta ndiyo imepanga."

Mtu mzima, mzee wa kanisa, maji yanampita miguuni, anasingizia kompyuta. Niliposimuliwa nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Mwenzangu nilipomweleza alicheka. "Ni mstari mmoja tu huo, dada. Naufuta sasa hivi." Kweli aliufuta, na chai yake haikupoa. Bosi akaiandikia kamati kwamba hitilafu imerekebishwa, akawashukuru wakulima kwa uvumilivu wao. Uvumilivu gani? Maharage ya mama yalikuwa yanatoa maua, na maharage yakikosa maji wakati huo hayamsubiri mtu.

Jumamosi nikashuka Kikwe. Nilimkuta mama amemwingiza ng'ombe shambani ale yaliyobaki. Simu yake ikalia, akaifungua kwenye pindo la kanga. Ilikuwa ni zamu yake: kesho asubuhi, wa kwanza. Akasoma mpaka mwisho, kisha akanikabidhi simu.

"Haya, mwanangu. Nikamwagilie nini?"