Mto Ulioamriwa Kurudi

Mzee Antipasi wa Kintinku alihamishwa mara mbili: kwanza na serikali, halafu na mto. Serikali ilimtoa ng'ambo ya mashariki wakati wa vijiji vya ujamaa, ikambomolea nyumba, ikampa kiwanja ng'ambo ya magharibi. Masika yaliyofuata mto ukaacha njia yake, ukapita nyuma ya choo chake, naye akaamka yuko mashariki tena, yeye na mbuzi wake wote.

Balaa ni kwamba mto huo ndio mpaka wa mikoa miwili, na huko mashariki ardhi imetengwa kwa malisho ya umma. Mabwana mipango wa mikoa yote miwili wakamjia juu.

"Umerudi huku kwa kibali cha nani?"

"Mimi nimehama? Mmeniona nimebeba hata kinu? Aliyehama huyo hapo!" akaunyooshea mto kidole.

Wakakaa kikao hadi jua likapinda. Wakaazimia kwa kauli moja: mto urudi mahali pake kabla ya msimu wa kilimo, na Mzee Antipasi asimamie.

Akasimamia. Kila asubuhi alikaa ukingoni na fimbo, akiukaripia mto kama fahali aliyeingia shamba la watu. Kiangazi kilipokaza, mto ukakauka, hata visima vya mchangani vikakauka. Akapeleka taarifa kwamba mto umeondoka. Kikao kizima kikampigia makofi.

Nyumbani mkewe Esta alimpokea na ndoo tupu.

"Hongera, Baba Felista. Haya, nipe hayo makofi nisongee ugali."