Mtetezi wa Chicago

Nimeishi na wabishi wengi, lakini aliyewapita wote sikuwahi kumwona uso kwa zaidi ya miaka miwili. Nilimjua kwa mkono wake tu, namna alivyogonga simu, ile ya zamani ya nukta na mistari. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa karani wa simu katika stesheni ndogo ya reli, magharibi ya Dodoma. Yeye alikuwa karani mwenzangu katika stesheni nyingine, mbele ya Manyoni.

Stesheni yetu ilikuwa na nyumba tatu na tangi la maji. Mkuu wa stesheni, Mhindi mwenye mke na watoto wanne, alikuwa mtu mwema, ila jioni alifunga mlango wake akala na watu wake, nami nikafunga wangu nikala na ukuta. Wagogo waliovusha ng'ombe wao relini walinisalimu, "Mbukwa," nikaitikia, na Kigogo changu kikaishia hapo. Mimi ni Mpare. Zilipita wiki nzima sijasema lolote zaidi ya kumshukuru mama aliyeniletea maziwa. Upweke ule sitaki kuupamba. Ulinitesa.

Nafuu ilikuja saa nane mchana. Treni ya mizigo ilikuwa imeshapita, ya abiria ilikuwa bado, na waya ulikuwa umenyamaza. Kuutumia kwa mazungumzo kulikatazwa, kwa hiyo tuliutumia kila siku. Waya wenyewe ulikuwa mmoja, na aliyegonga stesheni moja alisikika katika stesheni zote.

Siku moja nilirudi kutoka Dodoma, ambako nilikuwa nimeingia sinema katika ukumbi wa Mhindi mmoja mfanyabiashara. Niliona magari, barabara pana, wanawake wanaovuta sigara bila kumwogopa mtu, nikaambiwa picha zile hutengenezwa Los Angeles. Saa nane ilipofika nikawagongea wenzangu kwamba Marekani hakuna mji kama ule.

Jibu likaja kutoka mbele ya Manyoni: "Los Angeles ni kijiji. Mji ni Chicago."

Ndipo tulipoanza, na hatukupumzika. Mji gani una watu wengi, upi unakua upesi, upi ndio makao ya sinema. Makarani wengine wakagawanyika, huyu kwangu, yule kwake. Mmoja alijitia kutetea New York, tukampuuza, maana mji ambao kila mtu anakubali ni wa kwanza hauna ubishi wowote wa maana. Nilianza kuamka asubuhi nikiwa na hoja kichwani. Nilikuwa na mtu wa kumkasirikia, na kwa mtu aliye peke yake hiyo si baraka ndogo.

Tatizo ni kwamba mwenzangu alikuwa na shahidi. Mdogo wake alikuwa baharia, aliondoka na meli ya mizigo wakati wa vita vya pili vya dunia, akaishia Chicago. Kila mwezi ilikuja barua. Watu wanamiminika, nyumba zinapandishwa juu ya nyumba, bado kidogo New York ipitwe. Tena mdogo mtu alikuwa amepata kazi ya kubeba taa katika kiwanda cha sinema, na sinema kubwa zote zilitoka hapo. Mimi ningejibu nini? Sikuwa na ndugu aliyevuka hata Mombasa. Makarani walikuwa wakimuuliza kila mara, "Mdogo wako hajambo?" na yeye akijibu kwa kirefu. Nilishindwa kila mwezi, na nilichukia kushindwa.

Kisha mmisionari mmoja akasahau gazeti lenye picha kwenye benchi letu. Ndani yake mlikuwa na habari za miji ya Marekani. Kwa Kiingereza changu cha shule na kamusi iliyochanika, nilikaa siku tatu nikiichambua. New York ilikuwa mbele sana. Chicago ilikuwa ya pili, lakini haikuwa na dalili ya kuikaribia. Iliyokuwa ikikua mbio ni Los Angeles. Na watengeneza sinema, ambao zamani walikuwa Chicago pia, walikwisha kuhama muda mrefu kabla ya vita.

Ningeweza kumwambia siku yoyote, kwa upole. Nilingoja saa nane, waya mzima ukiwa unasikiliza, nikagonga yote, neno kwa neno. Halafu nikaongeza la kwangu: "Sasa mdogo wako anabeba taa za sinema gani? Au naye ni sinema?"

Waya ukacheka. Sisi tulicheka kwa kugonga nukta nyingi mfululizo, na siku ile zilitoka pande zote, hata stesheni ambazo sikujua kama zilitufuata. Nilikuwa nimemwaga mtama penye kuku wengi. Tangu hapo kila alipofungua simu kuiombea treni njia kwa stesheni inayofuata, lazima mmoja amuulize, "Taa zinawaka?" Alijibu habari za treni tu. Saa nane alinyamaza. Niligonga salamu, niligonga utani, nikaitukana Los Angeles yangu mwenyewe. Hakuna kitu. Wengine nao wakachoka, na mchana wangu ukawa mtupu kuliko mwanzo.

Nilipopata likizo, sikwenda kwetu Upare. Nilipanda treni ya Tabora, kwa kuwa kwenye stesheni yake injini ilisimama kunywa maji. Nilimkuta mlangoni pa ofisi. Nilitegemea kijana mwenzangu, kumbe kichwa kilikuwa na mvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ndiye wa Los Angeles."

Alinitazama. "Nilidhani wewe ni mtu mzima," akasema, akanisogezea kigoda.

Nikamwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Barua ilikuja moja tu, kijana. Vita vilipokwisha. Aliandika yuko Chicago, anatafuta kazi. Zile nyingine zote nilizitunga mimi. Nikisema mji unakua, nilimwona naye yumo, anafanya kazi, anakula. Halafu ninyi mnaniuliza, mdogo wako hajambo? Hapa hakuna mwingine aliyekuwa akiniuliza."

Nikasema upesi, "Mzee, lile gazeti lilikuwa la zamani. Limetoka jipya. Chicago imeipita New York, na sinema zimerudi huko. Nimesoma mwenyewe."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Uso wake ulilegea kidogo, na kwa muda mfupi nikadhani nimeweza. Kisha akatikisa kichwa.

"Angeniambia mwingine yeyote, ningeamini," alisema. "Wewe siwezi."

Injini ilikuwa imemaliza kunywa maji. Aliinuka akaingia ofisini kuiombea njia treni yangu.