Bi Edna na Kiti cha Katikati

Mahakama ya mji wetu wa Hebblethorpe, huku Uingereza, wameifunga, wakaigeuza ukumbi wa mazoezi. Pale alipokuwa akisimama mshtakiwa sasa kuna baiskeli zisizokwenda popote, na watu wanalipa kuzipanda. Loh! Ukishtakiwa siku hizi unapanda mabasi mawili kwenda jijini, ukahukumiwe na mtu mmoja wa mshahara ambaye hajawahi kununua hata kiazi sokoni kwetu. Wanasema ni haraka zaidi. Haraka ya kwenda wapi?

Zamani tulikaa mahakimu watatu, na hakuna aliyelipwa. Sheria ilikuwa kazi ya karani, aliyekaa chini yetu na vitabu vyake. Sisi tulikuwa watu wa kawaida tu. Mimi nilikuwa dereva wa basi, Bwana Garforth meneja wa benki, na kiti cha katikati kilikuwa cha Bi Edna Thackray, mpishi wa shule ya msingi. Alikuwa mfupi, mnene, na sauti yake ilinyamazisha ukumbi mzima wa watoto wenye njaa. Siku ya mahakama alivaa koti lake la buluu na kupaka wanja kidogo. Nikimkumbuka na lile koti, natamani hata ile baridi ya chumba cha nyuma tulikoshauriana hukumu, na chai yake iliyochemka mpaka ikawa nyeusi.

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba hicho nilikaa kimya, nikingoja wakubwa waseme. Bi Edna akanigeukia.

"Haya, Clifford, mgeni ndiye anaanza."

"Mimi tena? Si uanze wewe, mwenyekiti?"

"Nikianza mimi mtanifuata kama bata. Halafu tutakuwa mtu mmoja mwenye makalio matatu. Sema!"

Garforth alipaliwa na chai. Tangu siku hiyo nilizoea kusema ninachoona. Wawili wakikubaliana, basi, hukumu imepita. Tunatoka, na wa katikati anaisoma kwa jina la sisi sote. Nani alikataa, nani alikubali, hilo linabaki chumbani na vikombe.

Ndipo ikaja kesi ya Keith, mwana wa Ivy Hardcastle muuza samaki. Alimpiga mhudumu wa baa kwa kiti, akamvunja taya. Na haikuwa mara ya kwanza kuletwa kwetu kwa ngumi. Mara mbili tulishamwachia chini ya uangalizi. Alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha vyuma wiki chache tu kabla, na mama yake hakuwa na mwingine.

Chumbani nilianza mimi. "Jela. Yule mhudumu anakunywa supu kwa mrija."

"Jela," akasema Garforth.

Bi Edna alisukuma kikombe. "Mimi nakataa. Kazi ndiyo kwanza ameipata. Mkimtoa pale, atarudi kuwa yuleyule. Mpeni nafasi moja tena tu."

Tulibishana mpaka karani akagonga mlango. Bi Edna alitukaripia, alitubembeleza, nusura alie. Hatukugeuka. Mwishowe akavuta pumzi, akaweka koti sawa.

"Basi. Mmenishinda. Twendeni."

Nilidhani ataisoma kwa shingo upande. Thubutu! Alisimama wima, akamtazama Keith machoni, akamwambia kwa maneno mepesi kabisa kwa nini anakwenda jela miezi mitatu, na kwamba akirudi mji huu bado ni wake. Ungeapa ni wazo lake tangu asubuhi. Kutoka nyuma Ivy akapiga ukelele.

"Edna Thackray! Mtoto huyu umemlisha kwa mikono yako! Huna haya wewe?"

Bi Edna akaita kesi inayofuata.

Ijumaa tukakutana sokoni, mimi na yeye, kwenye meza ya Ivy. Ivy alimhudumia kila mtu, lakini akamruka Bi Edna kama vile pale pamesimama mlingoti. Mimi akanichagulia kipande kinono, akaniinamia.

"Chukua, mpenzi. Nilikuona ulivyoinamisha kichwa siku ile. Wewe una utu. Najua ulimtetea mwanangu, bibi huyu ndiye aliyekataa."

Alisema kwa sauti ya kusikika. Uso ukaniwaka moto. Nikamfuata Bi Edna mbio hadi kituo cha basi.

"Siwezi, Bi Edna. Nakwenda kumwambia ukweli sasa hivi."

"Nenda uone! Ukimwambia leo, kesho kila mama atataka kujua nani alimfunga wake. Na wewe ukikaa pale utakuwa unawaza samaki, si kesi."

"Lakini anakuchukia bure!"

"Anichukie. Mimi nitakula samaki wa kopo." Basi likaja, akapanda.

Na kweli alikula wa kopo, miaka yote mpaka akastaafu, na baada ya hapo. Keith alirudi, akatulia, akaoa, na sijamsikia tena akipigana. Mimi naona tulifanya sawa. Bi Edna hakuwahi kukubali. Kila nikimchokoza alisema kijana alitulia kwa sababu ya mke, si jela. Ndivyo tulivyokuwa, na ninaukosa ubishi ule kuliko ninavyoweza kusema.

Sasa wote wamekufa, Garforth, Ivy, hata karani. Najua niliapa kunyamaza. Basi wanishtaki, wakanihukumu juu ya zile baiskeli.

Ila siku ya mazishi ya Bi Edna Ivy bado alikuwa hai, yuko mezani kwake. Nilipita nikiwa nimevaa suti nyeusi.

"Wanamzika yule Edna?" akauliza, akifunga samaki kwenye karatasi. "Haya. Mungu anamjua. Lakini wewe, Clifford, mimi sitakusahau." Akakataa pesa yangu.

Nikasema asante, nikaenda kanisani na samaki mkononi, nikakaa benchi la nyuma nikalia.